Jiwe la Mpaka na Amri ya Tisa

Masomo: Kumbukumbu la Torati 19:14, 1 Wafalme 21:1–19, Luka 19:1–10

Miaka michache iliyopita niliitwa na familia moja kubariki msingi wa nyumba. Kabla ya ibada niliuliza, kama ilivyo desturi yangu, iwapo kiwanja hakina mgogoro. Nikaonyeshwa karatasi: muhtasari wa kikao cha ukoo, sahihi za mashahidi, na muhuri wa serikali ya kijiji. Nikaridhika. Nikavaa joho, nikaomba, tukaimba, tukanywa chai. Nilipokuwa naondoka, bibi mmoja mjane aliyekuwa amesimama upande wa pili wa njia alinisalimu kwa heshima, kisha akaniuliza: "Mchungaji, karatasi umeziona. Na masale, je, umeyaona?"

Kwa msomaji asiyetoka Kilimanjaro, nieleze kidogo. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda kwenye mpaka wa kihamba na kihamba. Mtoto wa Kichaga hujua mapema kwamba mti wa kahawa waweza kuung'oa ukapanda mwingine, lakini isale halisogezwi. Na mmea huohuo una kazi ya pili. Mtu aliyemkosea mwenzake huenda kwake na jani la isale mkononi kuomba msamaha. Mpaka na msamaha vimewekwa katika mmea mmoja.

Siku ile sikuwa nimeyatazama masale. Swali la yule bibi lilinirudisha kwenye somo la historia nililolisoma chuo cha theolojia bila kulitilia maanani: jinsi Dakota Kusini, jimbo la nyanda za kaskazini za Marekani, lilivyopata ardhi na mipaka yake. Nawaletea habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, nchi ile ya nyanda za kaskazini imejaa Walutheri wenzetu, na ilikuwa ni kutoka Kanisa la Kilutheri la Marekani, Sinodi ya Augustana, ambako wamisionari walikuja Tanganyika katika miaka ya 1920 na kufanya kazi Singida. Pili, karibu kila jambo lililotendeka kule lilitendeka kwa karatasi, sahihi na muhuri.

Ardhi iliyouzwa na asiyekaa juu yake

Ukiitazama Dakota Kusini kwenye ramani, utaona umbo linalokaribia mstatili, kana kwamba mtu alilikata kwa rula. Mto Missouri unapita katikati yake kutoka kaskazini kwenda kusini. Mashariki ya mto ni nchi ya mahindi na ngano; magharibi ni nyanda kavu za malisho, hadi kwenye milima ya Black Hills ambayo Walakota huiita Paha Sapa na kuihesabu kuwa mahali patakatifu.

Watu walioishi humo tangu zamani walikuwa ndugu wa Walakota, Wadakota na Wayankton, ambao wazungu waliwaita wote kwa jina moja la Sioux, pamoja na Waarikara, wakulima wa kando ya mto. Mwaka 1743 wasafiri wawili wa Kifaransa, ndugu wa ukoo wa La Vérendrye, walifukia bamba la risasi kwenye kilima kando ya Missouri, kutangaza kwamba nchi ile ni ya mfalme wa Ufaransa. Bamba lilikaa chini ya udongo hadi mwaka 1913, wanafunzi wa shule walipolikuta wakicheza. Kwa miaka 170 wenyeji walipita juu ya tangazo la kunyang'anywa nchi yao bila kulijua.

Mwaka 1803 Ufaransa iliiuzia Marekani eneo lote la Louisiana kwa dola milioni 15. Dakota ilikuwa ndani ya eneo hilo. Aliyeuza hakuwa akikaa nyanda zile, aliyenunua hakuwa amezifikia, na waliokaa hawakuulizwa. Mwaka 1818 Marekani na Uingereza zikakubaliana kwamba mpaka kati yao katika nyanda zile upite kwenye latitudo ya 49. Huo ulikuwa mstari wa anga, uliopimwa kwa nyota. Haukufuata mto wala mlima, na nyati waliendelea kuuvuka kama kawaida.

Mistari inayohama

Minnesota ilipofanywa jimbo mwaka 1858, mpaka wake wa magharibi ulifuata mito na maziwa, kisha mstari ulionyooka hadi Iowa. Nchi iliyobaki kati ya mpaka huo na Mto Missouri ikawa haina serikali yoyote inayotambuliwa Washington. Mwaka huohuo viongozi wa Wayankton walitia sahihi mkataba wa kuachia zaidi ya ekari milioni 11 na kubakiwa na takriban ekari 400,000. Walowezi walikuwa wakingoja ng'ambo ya mto, upande wa Nebraska. Mwaka uliofuata wakavuka.

Tarehe 2 Machi 1861, siku mbili kabla ya kuondoka madarakani, Rais James Buchanan alitia sahihi sheria ya kuunda Eneo la Dakota. "Eneo" maana yake ni nchi ambayo bado si jimbo: gavana wake aliteuliwa na Rais, na wakazi wake hawakumpigia Rais kura. Makao makuu yakawa mji mdogo wa Yankton. Eneo lenyewe lilikuwa kubwa mno, kwani lilichukua pia sehemu kubwa ya Montana na Wyoming za leo. Mwaka 1863 likamegwa kuunda Idaho. Mwaka 1864 Montana ikazaliwa na kipande kikarudi Dakota. Mwaka 1868 Wyoming nayo ikatengwa. Mpaka wa magharibi uliwekwa kwenye longitudo ya 27 kuhesabiwa kutoka Washington, maana enzi hizo Wamarekani walipenda kupima dunia kuanzia mji wao mkuu. Mwaka 1882 mpaka wa kusini nao ulisogezwa hadi latitudo ya 43, na kipande kikaingia Nebraska.

Tazama basi jinsi mistari ile ilivyohama kwa urahisi. Kila ilipokuwa lazima, Bunge liliandika sheria mpya na wachora ramani wakafuta mstari wa jana. Lakini ulikuwepo mpaka mmoja ambao serikali yenyewe iliahidi kutousogeza.

Robo tatu ya sahihi

Mwaka 1868, baada ya vita ambavyo jeshi la Marekani lilishindwa kuzilinda ngome zake katika njia ya kwenda Montana, serikali ilifanya mkataba na Walakota na wenzao huko Fort Laramie. Nusu yote ya magharibi ya Dakota Kusini ya leo, kuanzia Mto Missouri, pamoja na Black Hills, iliwekwa kuwa yao. Mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia kukaa. Kifungu cha 12 kikaweka ulinzi zaidi: hakuna sehemu ya ardhi hiyo itakayotolewa baadaye bila sahihi za robo tatu ya wanaume wazima wa taifa hilo. Hilo ndilo lilikuwa isale lao.

Lilidumu miaka sita tu. Mwaka 1874 Luteni Kanali George Custer aliongoza msafara wa watu zaidi ya 1,000 kuingia Black Hills, na habari ikaenea kwamba kuna dhahabu. Wachimbaji wakamiminika. Serikali ilijaribu kuinunua milima, wenyeji wakakataa. Mwaka 1876 vita vikalipuka, na Custer akauawa na askari wake kwenye Mto Little Bighorn. Bunge likajibu kwa sheria: Walakota hawatapewa tena chakula mpaka waiachie milima. Kumbukeni kwamba nyati walikuwa wakiangamizwa, na watu waliofungiwa ndani ya hifadhi hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea.

Tume ilipelekwa na karatasi za kutia sahihi. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo askofu, Henry Whipple wa Minnesota, mtu aliyejulikana nchi nzima kwa kuwatetea wenyeji. Sidhani kwamba alikwenda kwa nia mbaya. Huenda aliona kwamba kupoteza milima ni afadhali kuliko kuona watoto wakifa njaa. Lakini hata mbele ya askofu, sahihi zilizopatikana zilikuwa kama asilimia 10 tu ya wanaume wazima, wakati mkataba ulidai asilimia 75. Bunge halikujali. Tarehe 28 Februari 1877 likapitisha sheria, na Black Hills ikachukuliwa.

Miaka 12 baadaye, tarehe 2 Machi 1889, sheria nyingine iliivunja hifadhi kubwa iliyobaki na kuifanya vipande sita. Safari hii tume ya Jenerali George Crook ilihakikisha sahihi zinatimia, kwa ahadi na kwa mashinikizo. Takriban ekari milioni 9 zikafunguliwa kwa walowezi. Mara baada ya sahihi, posho ya nyama ikapunguzwa.

Majirani zetu Walutheri

Walowezi wenyewe walikuwa nani? Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 kwa ada ndogo, mradi ailime na kukaa juu yake miaka mitano. Hata mgeni aliyetangaza tu nia ya kuwa raia alistahili. Wakaja Wanorwei kutoka kwenye miteremko yenye mawe isiyotosha kuwalisha, na Wajerumani waliotoka Urusi walikoanza kuondolewa haki walizokuwa wameahidiwa. Wengi wao walikuwa Walutheri. Walikuja na Biblia, kitabu cha nyimbo na Katekisimo Ndogo. Walijenga nyumba kwa matofali ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake, wakazika watoto wao katika theluji, na kabla ya kuwa na ghala nzuri walikwisha kuwa na usharika. Walimshukuru Mungu kwa ardhi ile kwa moyo wa kweli, na sina ruhusa ya kuidharau shukrani yao.

Ole Rølvaag, Mnorwei aliyefanya kazi katika shamba la mjomba wake huko Dakota Kusini kisha akawa mwalimu katika chuo cha Kilutheri cha St. Olaf, aliandika riwaya juu ya watu hao, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1927 kwa jina Giants in the Earth. Ndani yake mkulima Per Hansa anagundua vigingi vya mpaka vyenye majina ya watu wengine katika mashamba ya jirani zake. Anaving'oa kwa siri na kuviteketeza. Mkewe Beret anajua, na anatetemeka. Kwao Norwei, kung'oa alama ya mpaka ilikuwa dhambi ya kutisha. Baadaye inajulikana kwamba Waayalandi waliovipigilia vigingi vile hawakuwa wameandikisha madai yao kisheria, na majirani wote wanamsifu Per Hansa kwa ujanja wake. Beret peke yake hapati amani.

Kuna jambo jingine katika riwaya hiyo ambalo msomaji hulipita haraka. Juu ya kilima katika shamba la Per Hansa kuna kaburi la mwenyeji wa kale. Beret ana dhamiri nyepesi kuliko wote, naye anatetemeka kwa ajili ya vigingi vya Waayalandi. Lakini alama ya mpaka iliyo kubwa kuliko zote, lile kaburi, imo ndani ya shamba lao, na hakuna anayeuliza ni ya nani.

Mawe 720

Kufikia miaka ya 1880 wakazi wa kusini na wa kaskazini wa Dakota hawakuelewana. Reli za kaskazini zilielekea upande wao na za kusini upande wao. Makao makuu yalipohamishwa kutoka Yankton kwenda Bismarck mwaka 1883, watu wa kusini walikasirika. Na chama kilichotarajia kushinda kiliona kwamba majimbo mawili huleta maseneta wanne badala ya wawili. Tarehe 22 Februari 1889 Rais Grover Cleveland alitia sahihi sheria ya kuligawa Eneo la Dakota mara mbili, kwenye mstari ambao wapima ardhi walikwisha kuutumia, karibu na latitudo ya 46. Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo Rais Benjamin Harrison aliyatia sahihi matangazo ya majimbo yote mawili baada ya kuzichanganya karatasi na kuyafunika majina, ili asijulikane nani aliyetangulia. Mapacha wale walitendewa haki kwa uangalifu mkubwa.

Mwaka 1891 na 1892 mpaka ule uliwekewa mawe 720 ya kwatzaiti nyekundu, kila moja lenye urefu wa futi 7, moja kila nusu maili, yakiwa yamechongwa herufi za Dakota Kaskazini upande mmoja na za Dakota Kusini upande wa pili. Mengi yamesimama hadi leo. Ni miaka ileile, 1886 na 1890, ambapo Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipatana juu ya mstari unaopita kwetu na kupinda kuuzunguka Kilimanjaro.

Lakini kabla jiwe la kwanza halijasimikwa, tarehe 29 Desemba 1890, askari waliwaua Walakota zaidi ya 250 kwenye kijito cha Wounded Knee, wengi wao wanawake na watoto. Majeruhi walipelekwa katika kanisa la Kianglikana la Msalaba Mtakatifu huko Pine Ridge. Mchungaji wake, Charles Cook, alikuwa mwenyewe wa damu ya Kidakota. Mabenchi yaliondolewa, majani makavu yakatandazwa sakafuni, na watu wakalazwa humo chini ya mapambo ya Krismasi yaliyokuwa bado hayajatolewa. Wadakota wakati huo walikuwa na Biblia nzima katika lugha yao. Kwa hiyo wapo waliokwisha kusoma habari za shamba la mizabibu la Nabothi kwa maneno ya mama zao.

Sura ya haki

Kila mmoja wetu aliyepata kipaimara aliikariri Amri ya Tisa, inayokataza kuitamani nyumba ya jirani. Wengi tunaipita upesi kwa kuwa inafanana na ya Saba. Lakini Luther, katika maelezo yake, hakuishia kwa mwizi anayevunja mlango usiku. Alimwona mwizi mwingine, anayekuja mchana na hati mkononi, na kuuchukua urithi wa jirani kwa njia yenye sura ya haki. Ahabu hakumpora Nabothi barabarani. Palikuwa na barua zenye muhuri wa mfalme, palikuwa na baraza la wazee, palikuwa na mashahidi wawili kama torati inavyodai. Ukisoma mafaili ya kesi ile utakuta yamekamilika.

Walutheri wa Dakota walikuwa na Katekisimo hiyo mezani. Hawakuvunja mkataba wao wenyewe. Walipewa hati na serikali halali, wakaamini. Kosa lao, kama ni lao, ni kwamba waliuliza kama karatasi ni sahihi, wakaacha kuuliza kama ni kweli. Ni kosa langu pia.

Tarehe 30 Juni 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Black Hills ilichukuliwa kinyume cha katiba na kwamba Walakota na wenzao wanastahili fidia. Pamoja na riba ilizidi dola milioni 100. Wakaikataa. Fedha hizo zimekaa katika hazina ya serikali zikiongezeka hadi kupita dola bilioni moja, nao ni miongoni mwa jamii maskini kabisa za nchi ile, na bado hawajazichukua. Wanasema hawakuuza, kwa hiyo hawawezi kupokea bei. Zakayo alipotubu hakupima mwenyewe kilicho rahisi kwake kutoa. Aliahidi kuwarudishia wale aliowadhulumu.

Sisemi kwamba kila anayekaa Dakota Kusini leo ahame. Nabii Eliya hakutumwa kwa wajukuu wa Ahabu kuwavunjia nyumba, wala mimi sikutumwa. Nasema kwamba Mkristo anayerithi shamba anarithi na habari zake, na kwamba hawezi kuomba msamaha kwa jambo alilokataa kulijua. Katika sharika zetu mambo haya hayako mbali. Mjane hufiwa leo, na kabla ya arobaini kikao cha ukoo kimekwisha kuandika muhtasari. Binti aliyeolewa huambiwa jina lake halimo. Kiwanja cha kanisa chenyewe, je, tunajua kilitolewa na nani, na kama watu wa nyumba yake waliridhika? Wazee wa usharika wakilifuatilia jambo hilo wakati wanaojua wangali hai, watakuwa wameitii Amri ya Tisa hadi ule upande wake wa pili, unaotutaka tumsaidie jirani akae na kilicho chake.

Nami nilirudi kwa yule bibi. Nilikwenda na mzee wa kanisa mmoja, na kabla ya kuingia nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kwetu, nikalibeba. Nilimwambia kwamba nilibariki msingi kwa kutazama karatasi, na kwamba nimekuja kuomba msamaha. Alilipokea jani, akanikaribisha ndani. Kisha akachukua fimbo yake akatuongoza hadi nyuma ya ile nyumba mpya, akatuonyesha mashimo matatu katika udongo, yamejaa majani makavu, mahali masale yalipokuwa. Shauri lake bado liko barazani. Mzee wa kanisa na mimi tumeandikisha majina yetu kuwa mashahidi wa tulichokiona.